Kabla Hujanunua Kompyuta Nyingine, Ifungue Uliyo Nayo

Kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa kwa mtumba Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zilianza kazi katika ofisi za Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Ni HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad: mashine zilizoundwa ili fundi wa ofisi aweze kuzifungua, zenye skrubu za kawaida mahali ambapo kompyuta za bei rahisi zina gundi. Zikishakaa miaka michache kwa mnunuzi wa hapa, malalamiko huwa ni yale yale. Inachelewa kuwaka. Kivinjari kinaganda. Ukibofya mara moja hakuna kitu, ukibofya mara tatu vinafunguka vitu vitatu. Mwenyewe anaamua kwamba imezeeka, anaiuza kwa bei ya kutupa, kisha anakopa kununua nyingine ya mtumba yenye diski ya aina ile ile iliyokuwa ikimtesa.

Prosesa iliyotengenezwa 2014 inakokotoa leo kwa kasi ile ile ya siku ilipotoka kiwandani. Kinachoichelewesha kwa kawaida ni kifaa kimoja kinachotoka kwa skrubu chache, na kazi ya kukibadilisha unaiweza mwenyewe, mezani kwako, jioni moja. Ninayoyaeleza hapa yanahusu kompyuta za Windows za miaka ya karibu 2013 hadi 2017, kwa sababu ndizo zilizojaa majumbani na mashuleni kwetu.

Pima kwanza

Usinunue chochote kabla hujajua tatizo liko wapi. Washa kompyuta, iache iwake kabisa, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Ikija kwa umbo dogo, bofya More details. Usifungue programu nyingine. Kaa dakika mbili tatu uangalie safu za CPU, Memory na Disk.

Kama Disk imegota kwenye asilimia 100 au karibu na hapo, huku CPU ikicheza kwenye 10 au 15, basi prosesa haina kazi. Inasubiri diski imletee data. Huo ndio ugonjwa wa kompyuta nyingi za umri huu. Kama Memory imepita asilimia 85 ukiwa umefungua kurasa chache tu za kivinjari, RAM haitoshi. Kama CPU ndiyo iliyo juu, bofya kichwa cha safu hiyo uone ni programu gani inayokula nguvu. Mara nyingi utakuta programu mbili za kuzuia virusi zinagombania mashine moja. Ondoa moja.

Sasa nenda kwenye ukurasa wa Performance, humo humo kwenye Task Manager. Ukibofya Disk 0, Windows 10 za karibuni zitakuonyesha kama ni HDD au SSD. Ukibofya Memory, utaona maandishi kama «Slots used: 1 of 2», yaani nafasi za RAM ni mbili na moja iko wazi. Umeshajua mambo mawili muhimu kabla hujagusa bisibisi.

Kwa nini HDD inachelewesha kiasi hiki? Ndani yake kuna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika kwenye kompyuta mpakato, na mkono mdogo unaosogea huku na huku kutafuta data. Mzunguko mmoja wa sahani unachukua milisekunde 11 hivi, na kabla ya hapo mkono lazima ufike kwenye njia sahihi. Kwa faili moja kubwa la video hilo si tatizo. Windows ikiwaka, hata hivyo, inasoma maelfu ya vijifaili vilivyotawanyika, na kila kimoja kinadai safari yake. SSD haina kitu kinachozunguka. Inaifikia data yoyote kwa chini ya sehemu ya kumi ya milisekunde. Matangazo hupenda kutaja kasi ya kusoma mfululizo, MB 500 kwa sekunde na kuendelea, lakini faida utakayoihisi kila siku inatokana na kutokuwepo kwa zile safari.

Pakua pia CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma rekodi za afya za diski yenyewe. Ikiandika Good, una muda. Ikiandika Caution au Bad, hasa kwenye mistari ya Reallocated Sectors na Current Pending Sector, zima kila kitu kingine na nakili faili zako leo hii.

Nakili, kisha hakikisha nakala inafunguka

Hata kama diski ni nzima, hatua hii hairukwi. Nimeona watu wakipoteza picha za harusi na tasnifu nzima kwa sababu walidhani kila kitu kiko kwenye Documents. Watu hawaweki faili pale wanapodhani wanaziweka. Pitia Desktop, Downloads, Pictures na ule mzizi wa diski C ambako folda hutupwa kwa haraka. Anayetumia Outlook huenda ana faili la barua lenye kiambishi cha pst ambalo halionekani kirahisi. Alamisho na nywila za kivinjari zina njia yake ya kuhamishwa, au zitajirudisha zenyewe ukiwa umeingia kwa akaunti yako.

Weka nakala mahali pawili, na mahali pamoja pasiwe ndani ya nyumba hiyo hiyo. Huduma ya mtandaoni inafaa, diski ya nje iliyo kwa dada yako pia inafaa. Kisha chukua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, ufungue faili tano sita za aina tofauti. Nakala ambayo hujaifungua hujui kama unayo.

Jambo moja zaidi, ambalo hata mafundi husahau. Kompyuta za ofisini mara nyingi zina BitLocker, usimbaji wa diski nzima. Kama umewashwa, uzime kwenye mipangilio na usubiri diski isimbuliwe hadi mwisho, au uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 umeandikwa kwenye karatasi. Bila ufunguo huo, diski ukiihamishia kwenye mashine nyingine haisomeki, na hakuna fundi wa kuifungua.

Kununua bila kuibiwa

Karibu HDD zote za kompyuta mpakato za kipindi hiki ni za inchi 2.5 zenye kiunganishi cha SATA, na SSD ya SATA ya inchi 2.5 inakaa pale pale. SSD hizo zina unene wa milimita 7, ilhali baadhi ya HDD za zamani zina 9.5; SSD ikicheza ndani ya nafasi yake, weka ile fremu ya plastiki inayouzwa pamoja nayo au kipande cha sponji ngumu. Kwa kazi za ofisi, shule na intaneti, GB 240 au 256 zinatosha. Mwenye picha na video nyingi achukue 480 au zaidi.

Soko lina bidhaa bandia, na hapa ndipo wengi huumia. Unauziwa kitu kilichoandikwa TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana cha familia. Ndani ya ganda mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochezewa ili iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Ukiichomeka, Windows inaonyesha TB 2. Unaijaza, na data zinazozidi uwezo wake halisi zinapotea kimyakimya. Kuangalia boksi hakusaidii. Kinachosaidia ni H2testw, programu ndogo ya bure iliyotolewa na jarida la Kijerumani la c't: inaijaza diski data yake yenyewe hadi ukingoni, kisha inaisoma yote upya na kulinganisha. Watumiaji wa Linux wana F3 inayofanya kazi hiyo hiyo.

Nunua kebo ya kuunganisha SATA na USB, ni ya bei ndogo na utaihitaji tena. Chomeka SSD mpya ikiwa tupu, endesha H2testw, iache ifanye kazi. Kwenye tundu la USB 2.0, ambalo hupitisha takriban MB 35 kwa sekunde, GB 240 zitachukua karibu saa mbili kuandikwa na nyingine mbili kusomwa, kwa hiyo tumia tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi lina ulimi wa bluu. Patana na muuzaji mapema kwamba utaipima na kumrudishia ikifeli. Na usimshutumu ukiona diski ya GB 240 inasomeka 223 kwenye Windows: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na ukubwa ni ule ule.

RAM ni rahisi zaidi, ila usinunue kwa kukisia. Chomoa iliyopo uende nayo dukani, au usome kibandiko chake. PC3L ni DDR3L ya volti 1.35, PC3 bila L ni ya volti 1.5, na kompyuta mpakato za kizazi cha nne cha Intel hazikuundwa kuitumia. PC4 ni DDR4, na pengo lake liko mahali tofauti, kwa hiyo haiingii kwenye tundu la DDR3 hata ukilazimisha; usilazimishe. Ongeza hadi ifike GB 8. Baadhi ya mashine, kama ThinkPad X240, zina nafasi moja tu ya RAM, kwa hiyo ya zamani itabidi itoke.

Kufungua

Zima kompyuta huku umeshikilia Shift unapobofya Shut down. Windows kwa kawaida haizimiki kabisa, inahifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili iwake haraka; Shift inailazimisha izime kweli. Chomoa chaja. Kama betri inatoka kwa nje, itoe. ThinkPad nyingi zina betri ya pili ndani. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, uchague Disable Built-in Battery kabla ya kufungua. Kwa mashine nyingine, kitu cha kwanza utakachofanya baada ya kuondoa kifuniko ni kuchomoa plagi ya betri kwenye bodi, ukiishika kwenye plastiki yake wala si kwa kuvuta nyaya. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi kumaliza umeme uliobaki.

Ukikuta betri imevimba, au padi ya kipanya imeinuka kwa kusukumwa kutoka chini, simamisha kazi hapo. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kuwaka moto, na hilo ndilo jambo moja katika mwongozo huu la kumwachia fundi mzoefu.

Chukua karatasi, chora mstatili wa umbo la kompyuta, na kila skrubu uitoayo iweke kwenye mchoro mahali ilipotoka. Skrubu hazilingani urefu. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa sehemu ya juu unapolaza viganja au kugusa bodi yenyewe. Kifuniko kikiwa bado kimekaza baada ya skrubu zote kutoka, pitisha ukingoni kadi ya plastiki isiyotumika, polepole, ukisikiliza vibanio vya plastiki vikiachia kimoja kimoja. Kisu na bisibisi bapa vinaacha makovu. EliteBook 840 G1 haihitaji hata hayo, kifuniko chake cha chini kinafunguka kwa kusukuma lachi.

Gusa chuma chochote kilicho wazi cha mashine ili umeme tuli wa mwili wako uondoke. Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, hilo ni muhimu kuliko Mombasa penye unyevu. HDD utaitambua haraka: ni kisanduku cha chuma, karibu ukubwa wa kiganja, ndani ya kitanda chenye skrubu mbili hadi nne. Iteleze kwa ulalo, ikiachana na kiunganishi, kisha ndipo uinyanyue. Ukiinyanyua ikiwa bado imeshikana utavunja ulimi wa plastiki wa SATA. Hamishia kile kitanda kwenye SSD mpya, iteleze irudi hadi ikae sawa, ikaze. RAM mpya iingie ikiwa imeinama, nyuzi 30 hivi, isukume hadi ncha za dhahabu karibu zipotee, kisha ilaze mpaka vibanio vya pembeni vilie.

Wakati uko humo ndani, tazama feni. Blangeti la vumbi kati ya feni na mapezi ya shaba ndilo linalofanya kompyuta ivume na kupunguza kasi, maana prosesa inapopata joto kupita kiasi hujipunguza yenyewe isiungue. Zuia feni isizunguke kwa kijiti cha meno, kisha puliza vumbi kwa kipulizio cha mkono au kopo la hewa. Kubadilisha grisi ya kupitisha joto juu ya prosesa ni kazi ya hiari. Ukiamua kuifanya, safisha ya zamani kwa alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, na weka mpya kiasi cha punje ya mchele.

Mfumo gani sasa?

Unaweza kuhamisha diski ya zamani ilivyo, kwa Clonezilla kwa mfano, ambayo kwa kawaida inataka diski mpya iwe na ukubwa sawa na ya zamani au zaidi. Mimi napendelea kusakinisha upya. Mashine iliyopita mikononi mwa watu wawili watatu ina takataka za wote. Kama Windows yako ilikuwa halali, leseni yake imefungamana na bodi wala si diski, kwa hiyo ukisakinisha toleo lile lile itajiidhinisha ikipata intaneti.

Hapa pana uamuzi mzito. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kipindi cha kawaida cha masasisho ya usalama ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa ujumla prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. EliteBook 840 G3 na Latitude E7470 ni za kizazi cha sita, X240 ni ya nne. Zote ziko nje. Kuna mbinu za kuizunguka hiyo sheria, lakini Microsoft haijaahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo, na sitamshauri mtu anayefanya miamala ya benki kwenye kompyuta ategemee mbinu.

Ushauri wangu ni Linux Mint. Ni mfumo wa bure, sura yake inamfaa mtu aliyezoea Windows, na toleo lake la Xfce linaridhika na RAM ya GB 4. LibreOffice inafungua faili za Word na Excel, ingawa mpangilio wa waraka wenye majedwali mengi unaweza kuyumba. Ambaye kazi yake inategemea programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows peke yake asihamie kabla hajapata mbadala. Wengine wote, yaani wanafunzi, walimu, waandishi, wanaoishi ndani ya kivinjari, hawatakosa kitu cha maana.

Faili la usakinishaji lina karibu GB 3, kwa hiyo lipakue wakati bando ni nafuu, na ukimaliza lihakiki. Fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Mfululizo wa herufi na tarakimu utakaotoka lazima ulingane na ule uliochapishwa na watengenezaji. Intaneti ikikatika katikati, faili linaweza kuonekana limekamilika na kumbe lina pengo, na utahangaika usiku mzima ukidhani SSD ni mbovu. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus, washa mashine ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, na uchague flashi. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu WiFi, sauti, kamera, printa. Vikifanya kazi, sakinisha. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe na uhai, umeme ukikatika katikati ya kazi hii utaanza upya.

Ukibaki na Windows, weka mambo mawili siku hiyo hiyo. Kwanza, kama intaneti yako ni ya simu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uwashe Metered connection, ili masasisho yasimeze bando lako bila taarifa. Pili, kwenye Task Manager fungua Startup, uzime kila kinachojiwasha ambacho hukukiomba.

Diski uliyoitoa

Kama CrystalDiskInfo iliisifu, ile HDD itie kwenye kasha la USB uifanye ya kuhifadhia nakala. Kwa kazi hiyo kasi yake ndogo haina madhara. Lakini usiifute kwa mwezi mzima. Kila mara kuna faili moja ambalo hukulikumbuka.

Ukiamua kuiuza, kumbuka kwamba kufuta faili, au hata kufomati kwa haraka, hakuondoi data. Kunaondoa tu orodha yake, na mtu mwenye programu ya bure ya kuokoa faili atazisoma picha zako na nakala ya kitambulisho chako. Fanya fomati kamili, ukiondoa alama kwenye Quick Format, ambayo kwa Windows za sasa huandika sifuri juu ya diski yote. Mara moja inatosha kwa HDD. Kama imekufa kiasi kwamba haikubali kuandikwa, ifungue utoe sahani zake uzikwaruze vizuri kabla ya kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu. Vaa miwani na glavu, kwa sababu baadhi ya sahani hizo ni za kioo na zinavunjika vipande vikali.